Nyumba ya makuti Bamburi: nimelala humo masika, kusi na kaskazi

Nyumba hii ya kukodisha iko Bamburi, Mombasa, upande wa bahari wa barabara ya Malindi. Kutoka mlangoni hadi mchangani ni dakika nne kwa miguu, unapita kichochoro kilichobanwa na kuta mbili za hoteli. Ina vyumba vitatu vya kulala, sebule, jiko, baraza pana na paa la makuti. Mwaka 2024 nililala humo mara tatu: Aprili, Agosti na Desemba. Mimi ni mwalimu Nakuru na hizo ndizo likizo zetu. Kwetu hasa ni Kuze, Mji wa Kale, lakini nyumba ya mama haitoshi watoto wangu watatu, wifi yangu na mwanawe, na mavyaa.

Naandika kwa sababu maoni ya waliolala pale kabla yangu yaliniuma. Mmoja kasema mvua tupu. Mwingine kasema bahari chafu, imejaa majani. Wa tatu kasema joto halilaliki. Wote wamesema kweli, na wote wameishushia nyumba alama kwa jambo lililoletwa na msimu. Lakini siwalaumu sana, kwa sababu picha za nyumba zote zimepigwa siku moja ya kaskazi, msimu wa Desemba hadi Machi, maji yamejaa, bahari ya kijani kibichi, hakuna hata unyasi mchangani. Mgeni akija mwezi wa tano na picha hiyo kichwani, lazima ataona ameuziwa mbuzi kwenye gunia.

Nilipopiga simu mara ya kwanza, mwezi wa tatu, wifi alikuwa ameketi pembeni yangu anasikiliza. Nikamwuliza mwenye nyumba mwisho wa Aprili hali ya hewa huwaje. Nilijua, ila nilitaka wifi alisikie jibu kutoka kwake. Akasema, "Mwalimu, Mombasa ni jua mwaka mzima." Hapo ndipo ninapompunguzia alama, na sitazirudisha mpaka abadilishe jibu hilo.

Tulifika tarehe 22 Aprili kwa siku 5, shilingi 5,500 kwa usiku. Masika yalikuwa yameshika. Mvua ya masika ya pwani ina tabia yake: hupenda usiku na alfajiri, hushuka kwa nguvu, kisha kwenye saa nne asubuhi mawingu yanapasuka na jua linatoka kali, ardhi inafuka mvuke. Si kila siku, maana zipo siku za kunyesha kutwa, na Mei ndio mwezi wa mvua nyingi kuliko yote hapa Mombasa. Ila simu ya wifi ilionyesha wingu lenye matone siku zote saba za juma, naye akataka kuahirisha safari. Wingu lile halikumwambia kama ni mvua ya robo saa au ya kutwa. Katika siku zile 5 tulioga baharini siku 4.

Watoto wangu wamekulia chini ya mabati. Nakuru mvua ikinyesha hamsikilizani ndani. Chini ya makuti walilala wasisikie kitu, asubuhi wakatoka wakakuta uwanja umekuwa dimbwi, wakaniuliza nani kamwaga maji. Makuti yakisukwa vizuri na paa likiwa na mwinamo mkali, maji hayapiti wala kelele haipiti. Lakini pembe moja ya chumba cha nyuma ilivuja. Tuliweka karai, na mzee anayeangalia nyumba akaja na ngazi akapachika makuti mapya siku iyo hiyo kati ya mvua mbili. Agosti pale pahali palikuwa pakavu.

Usumbufu wa masika hasa ni unyevu. Taulo halikauki. Viatu vya ngozi vya wifi viliota ukungu kwa siku 3. Chumvi ya mezani ikawa uji. Mwenye nyumba aweke kamba ya nguo barazani, chini ya paa, maana iliyopo iko uani juani, na Aprili huko uani hakuna cha kukauka. Mbu pia wengi, lakini neti zilikuwa nzima, nilizikagua moja moja kwa tochi.

Halafu zikaja zile habari za mafuriko nchi nzima na shule zikacheleweshwa kufunguliwa. Mwenye nyumba akatushushia bei tukaongeza siku, na hilo namshukuru kwa dhati. Ndipo tukasikia habari za kimbunga Hidaya. Pwani ya Kenya haina mazoea ya vimbunga. Mombasa iko nyuzi 4 tu kusini mwa ikweta, na karibu hivyo na ikweta upepo haupati nguvu ya kujizungusha ukawa kimbunga. Hiki kilifika nchi kavu Tanzania, upande wa Mafia, tarehe 4 Mei. Kwetu serikali ilitangaza watu wakae mbali na bahari. Mzee hakungoja kuambiwa mara mbili: aliingiza viti vya barazani, akafunga madirisha ya upande wa kusini kwa kamba, akaja kukaa na watoto akiwasimulia habari za mamba wa mto Sabaki ili wasiulize habari za ufuoni. Tuliondoka tarehe 5 sote salama. Kwa siku zile peke yake nyumba ile ilistahili alama zake zote.

Agosti ndiyo safari ninayoisifia watu, na ndiyo watu wasiyoiamini. Tulikwenda kuanzia tarehe 17, shilingi 8,000. Wakati huo ni kusi, upepo unatoka kusini mashariki na umekwisha tulia kidogo kuliko ulivyokuwa Juni na Julai. Mchana nyuzi 27 au 28, usiku zinashuka hadi 21 hivi. Mavyaa, ambaye Aprili alikesha anajipepea kwa kanga, Agosti aliomba blanketi. Hakuna aliyewasha pangaboi. Mvua ilikuja mara 2, manyunyu ya alfajiri, kufika wakati wa mahamri na mbaazi ardhi imekauka.

Sasa yale "majani machafu". Ni mwani, na mwingi wake ni majani marefu yanayoota chini ya bahari kati ya ufuo na mwamba. Kusi huyang'oa na kuyalundika mchangani kama marundo ya nyasi. Yananuka yakikaa juani, kweli, na maji ya ukingoni huwa na rangi ya chai ya maziwa. Lakini si uchafu wa mtu. Wale kaa wadogo wa mchangani wanaishi humo, na lundo lile hulinda mchanga usiliwe na mawimbi. Hoteli jirani walileta tingatinga wakayakokota yote. Baada ya siku 2 yalirudi. Watoto wangu walijenga ngome ya mwani, na siku ya tatu pua zao zilikwisha zoea.

Ukitaka kuona bahari safi wakati wa kusi, fuata maji. Hapa ndipo yule mzee anapoizidi kila huduma niliyopata kulipia pwani. Jikoni, nyuma ya kalenda, ana karatasi yenye siku za mwezi na saa za kujaa na kupwa, kaandika kwa mkono wake. Siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo ndizo za bamvua: maji hupwa kwenye saa nne asubuhi na kujaa kwenye saa kumi jioni, na tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Kila siku inayofuata saa husogea mbele kama dakika 50. Agosti ile mwezi ulikuwa mpevu tarehe 19. Tarehe 20 mzee akatuamsha, "Mwalimu, leo maji yanakwenda mbali, wavishe watoto viatu." Tulitembea kwa miguu juu ya mchanga mkavu mahali ambapo maji yakijaa yangenifika shingoni. Tuliona pweza, viti vya pwani (wale wanyama wa umbo la nyota), samaki wadogo wa milia wamenaswa kwenye vidimbwi, na vile vyenye miiba mirefu myeusi ambavyo ndivyo sababu ya viatu. Saa tano u nusu akatupigia mluzi turudi. Maji ya bamvua yakianza kuingia hayangoji mtu, na mkondo wa kwenye mlango wa mwamba una nguvu.

Onyo moja la Agosti, na nalisema kwa uchungu. Mtoto wa wifi aliungua mabega mpaka ngozi ikachubuka. Upepo wa kusi ni baridi, mtu hahisi joto, mawingu yanapita pita, kumbe jua ni lile lile la ikweta. Mvishe mtoto fulana hata majini.

Desemba bei ikapanda hadi 15,000, tulikaa tarehe 20 hadi 27. Vuli vilikuwa vimekwisha na kaskazi imeshika, ule upepo wa kaskazini mashariki uliokuwa ukileta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi hadi Bandari ya Kale, kisha kusi ikayarudisha. Babu yangu mzaa mama aliisafiria pepo hizo, na mama mpaka leo hahesabu mwaka kwa miezi; atakwambia fulani aliolewa kusi inaanza. Bahari ya kaskazi ndiyo ile ya kwenye picha. Maji maangavu, mwani kidogo, unaona vidole vyako ukiwa umesimama hadi kifuani. Samaki pia wanapatikana, kwa kuwa wavuvi wanatoka nje ya mwamba bila hofu: changu na tasi tulinunua mchangani kwa bei ambayo Agosti hatukuiona. Wiki ile yalikuwa maji mafu, bahari haikwenda mbali wala haikuja karibu sana, nzuri kwa watoto kuogelea, ila usitarajie kutembea juu ya mwamba.

Ila joto! Mchana nyuzi 32, na usiku haushuki chini ya 24 au 25, na hewa imejaa maji. Nambari ya 32 haimtishi mtu wa bara mpaka alale humo. Umeme ulikatika usiku 2, hakuna jenereta, pangaboi zikasimama. Mavyaa tulimtandikia mkeka barazani na neti tukaifunga kwenye nguzo, ndipo akapata usingizi. Februari na Machi ni kali zaidi ya hapo. Kwa shilingi 15,000 mwenye nyumba anaweza kununua betri ya kuendesha pangaboi tatu, na nimemwambia hivyo uso kwa uso. Maji ya bomba ni ya kisima na yana chumvi, sabuni haitoi povu, ya kunywa ununue. Ufuo nao Krismasi hauna pa kuweka taulo.

Kwa hiyo swali ninaloulizwa na walimu wenzangu, niende lini, nalijibu kwa kuuliza unakwenda na nani. Una mzee au mtoto mchanga, nenda Agosti na Septemba. Unataka kuzamia uone samaki, nenda Januari au Februari kama kazi inakuruhusu, ndiyo miezi mikavu kuliko yote. Mfuko wako ni mwembamba na huogopi kulowa, Aprili itakufaa, utapata ufuo mtupu na nyumba kwa bei ya theluthi. Ila Mei katikati mimi binafsi siendi.

Nilimwomba mwenye nyumba abandike picha tatu badala ya moja: ya Aprili na mawingu yake, ya Agosti na mwani wake, ya Desemba. Nikampa za kwangu. Akasema zitafukuza wageni. Nikamjibu kwamba mimi nilijua yote hayo na bado nimekuja mara tatu, na mavyaa ambaye hakujua chochote ndiye anayeniuliza sasa Agosti tunaondoka tarehe ngapi. Alisema atafikiri. Picha bado ni ile moja.

Ukipanga, usiwaachie wakugawie vyumba. Mbele ya nyumba inatazama bahari, mashariki. Chumba cha mkono wa kushoto ukitazama bahari ndicho kinachopokea kaskazi, kichukue Desemba hadi Machi na ulale madirisha wazi. Cha mkono wa kulia hupigwa na kusi usiku kucha, kizuri Aprili, ila Agosti mpe kijana na blanketi. Cha nyuma hakipati upepo wowote, tuliweka mizigo.