Injinia wa rejeta pale Shimanzi: nimelipa, nimengoja, nimeridhika (karibu)

Mie ni mpishi wa shughuli. Harusi, hitima, maulidi, popote penye watu mia mbili na kuendelea utanikuta uani na masufuria yangu. Gari linalobeba masufuria hayo ni Toyota TownAce, ile ambayo injini imekaa chini ya kiti cha dereva, kwa hivyo likipandisha joto wa kwanza kujua ni makalio. Nasema mapema ili msinichukue kwa mtaalamu. Ni mtu tu aliyechemshiwa na gari mara tatu ndani ya mwezi mmoja, na mara ya tatu nilikuwa kwenye foleni ya feri ya Likoni na pilau ya watu 400.

Kaskazi ilikuwa imeshika, hata kivuli kinatoa jasho. Foleni haisogei. Mshale wa joto umelala juu kabisa, halafu chini ya kiti nikasikia sauti ninayoijua vizuri sana, ile ya sufuria inayosukuma kifuniko. Mvuke ukatoka hadi abiria wa matatu ya jirani wakashuka wakidhani tunaungua. Pilau ilifika ng'ambo kwa mkokoteni na tuktuk mbili. Mama wa bi harusi mpaka leo hunisalimia kwa kidole kimoja.

Fundi niliyekuwa naye kabla simtaji, na gereji yake pia siitaji. Nitasema tu alichofanya kwa miaka miwili. Aling'oa thamostati, kile kilango kinachofunguka maji ya injini yakipata moto, akaitupa, akaniambia, "Hiyo ni ya nchi za baridi, Mama, huku Pwani ya nini?" Akaondoa rejeta iliyokuja na gari, kile chombo cha kupozea maji ya injini, akaweka ya mtumba ya alumini yenye matangi ya plastiki. Ile ya zamani aliitaka sana aende nayo, nikakataa, kwa sababu ilikuwa ya shaba na kwetu shaba haitupwi. Nikaitia stoo chini ya mikeka. Kila gari likipungukiwa maji, alijaza ya kisima, haya haya yetu ya Kisauni ambayo ukichemshia chai unatia chumvi bila kutia. Baada ya siku ya Likoni akanipa hukumu: gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya kichwa cha injini na mwili wake, imeungua, lete 38,000.

Hapo ndipo dereva wa lori anayenikodishia viti akaniambia, usitoe hata senti, mpelekee kwanza Injinia.

Karakana iko Shimanzi hapa Mombasa, nyuma ya magodauni, kontena la buluu lisilo na ubao. Ukiuliza "Injinia wa rejeta" utaonyeshwa. Jina hilo lilianza kwa kejeli, nimeambiwa, alipofika na kompyuta yake na shahada ya uhandisi wa mitambo akakaa kwenye ndoo kulehemu rejeta za malori. Sasa hakuna anayecheka. Ni kijana wa miaka thelathini na kitu, mpole, na ana ugonjwa mmoja: hagusi kitu mpaka akipime.

Swali lake la kwanza lilikuwa, "Shikamoo Mama. Linachemsha likiwa limesimama, au likiwa linakwenda?"

Nikamjibu, kote kote.

"Basi lina maradhi mawili."

Akanieleza. Gari likichemsha kwenye foleni tu, tafuta kosa kwenye upepo, maana hapo hakuna upepo wa barabara, kuna feni peke yake. Likichemsha likiwa mbioni au mlimani, tafuta kosa kwenye maji: hayapiti, au yanapita bila kupoa. Miaka miwili nimelipa watu na hakuna aliyewahi kuniuliza hilo.

Akasubiri injini ipoe kabisa, akaizungusha feni kwa kidole. Ikaenda kama pia, mizunguko kadhaa. Hiyo kumbe ni dalili mbaya. Katikati ya feni kuna klachi yenye mafuta mazito ya silikoni ambayo ndiyo huishika feni izunguke pamoja na injini; mafuta yakiisha nguvu, injini inazunguka na feni inabembea. Halafu akaniuliza ganda la plastiki linaloizunguka feni liko wapi. Nikamwambia sijui kama liliwahi kuwapo. Akacheka bila furaha. Bila ganda lile feni haivuti upepo kupitia rejeta, inazungusha ule ule moto uliokwisha kupita. Ni kama kupepea mkaa kutoka kando: mkono unachoka na moto haupati kitu.

Kisha kifuniko cha rejeta. Ana pampu ya mkono yenye geji. Akakifunga pale akapampu. Kimeandikwa kinashika shinikizo la 0.9, na kiliachia kwenye 0.3. Hili lilinigusa, kwa kuwa nina presha kuka tatu nyumbani na sikuwahi kufikiri gari lina yake. Maji wazi hapa Mombasa huchemka kwenye digrii 100. Yafungie kwa shinikizo la 0.9 na hayachemki mpaka karibu 119. Kifuniko kile cha mia nane kilikuwa kimeniibia digrii kumi na zaidi, na mie nimekuwa nikinunua maji.

Kuhusu gasketi, akatoa kidude cha kioo chenye dawa ya buluu, akakisimamisha mdomoni mwa rejeta injini ikinguruma. Gesi ya moshi ikiwa inavujia kwenye maji, buluu hugeuka manjano. Tukakaa tunaitazama kama watu wanaongoja mwezi wa Idi. Ikabaki buluu. Hedi yangu ilikuwa salama salmini, na ile 38,000 ilibaki mkobani. Kwa hilo peke yake ningempa nyota zote.

Rejeta aliipima kwa kile kipimajoto cha kulenga kama bastola. Upande wa kushoto moto, katikati kuna sehemu baridi kabisa, kama mchele ambao haukufikiwa na moto. Baridi ile maana yake maji hayafiki. Alipokunjua meno ya tangi la plastiki akanionyesha ndani, nikaona kitu ninachokikwangua kwenye birika kila mwezi: ukoko mweupe wa chumvi na chokaa. Mirija 17 kati ya 42 ilikuwa imezibwa kabisa, nimeihesabu mwenyewe. Ukoko huo, akasema, hupitisha joto kidogo karibu mara mia kuliko alumini, kwa hivyo hata mirija iliyobaki wazi ilikuwa imevaa koti.

Nikamuuliza kwa nini Mombasa magari yanachemsha hivi ilhali ndugu yangu wa Limuru ana gari bovu kuliko langu na halimsumbui. Akachukua chaki. Rejeta haina baridi yake yenyewe, inaishi kwa tofauti kati ya joto la maji na joto la upepo. Maji yakiwa 90 na upepo wa Limuru asubuhi ni 15, tofauti ni 75. Kwetu upepo ni 32, tofauti ni 58. Rejeta ile ile imepoteza karibu robo ya nguvu zake kwa kuteremka tu kuja Pwani, bado hujaweka chumvi ya bahari inayokula mapezi, vile vibati vyembamba kati ya mirija.

Akaniambia nina njia mbili: rejeta mpya ya alumini, au aitengeneze upya ile ya shaba iliyoko stoo, mirija na mapezi mapya ndani ya matangi yake ya asili. Ya alumini ikitoboka, gundi wanazopaka hazidumu. Ya shaba inalehemuka maisha. Nilirudi mbio nyumbani kuinua mikeka.

Sasa niwaambie kitu kilichoniketisha pale nusu siku. Injinia ana sanduku la mbao, refu kama jeneza, Mungu anisamehe, upande mmoja feni kubwa, upande mwingine nafasi ya kupachika rejeta. Kando kuna pipa la maji analochemsha kwa jiko la gesi, jiko lile lile ninalopikia pilau, nikamwonyesha hata namna ya kurekebisha ule mwale wa manjano. Maji yanatoka pipani yakiwa digrii 85, lita 20 kwa dakika, alizipima kwa ndoo na saa ya simu. Kwenye rejeta ya mtumba yaliingia 85 yakatoka 82. Kwenye ya shaba iliyofanywa upya, pampu ile ile na feni ile ile, yalitoka 77. Akapiga hesabu ubaoni: ya kwanza inatupa kilowati 4 tu, ya pili kilowati 11. Birika langu la umeme ni kilowati 2. Yaani rejeta moja inatupa joto la birika tano na nusu zikichemka kwa pamoja. Alivyonieleza, karibu thuluthi ya moto wote wa petroli huishia kwenye maji haya, na mie kila nikijaza tangi nadhani nimenunua mwendo.

Tulipokuwa tunangoja pipa lipate moto alinipa hadithi. Gari la Benz la 1886 halikuwa na rejeta ya maana, maji yalichemka yakapotea hewani na dereva akaongeza mengine. Ndipo Mjerumani Wilhelm Maybach akaja na rejeta ya Mercedes ya nguvu za farasi 35, mwaka 1900 kuingia 1901, mirija midogo 8,070 imepangwa kama sega la nyuki, upepo unapita ndani ya mirija na maji yanapita kati yake. Nikamwambia basi fundi wangu wa zamani alikuwa amenirudisha 1886. Hapo ndipo alipocheka kwa furaha.

Thamostati alirudisha. Nilibisha, kwa kuwa karibu kila fundi wa mji huu atakwambia itoe. Alichosema ni kwamba kwenye injini nyingi kuna njia ya mkato ya maji, na thamostati ikifunguka ndiyo huifunga njia hiyo; ukiing'oa, sehemu ya maji moto yanakata kona kurudi injini bila hata kuiona rejeta. Na barabara ikiwa wazi injini haifikii joto lake, inakunywa petroli bure. Aliyoniwekea hufunguka kwenye digrii 82. Nikanyamaza.

Kulanti, ile dawa ya kuchanganya na maji ya rejeta, pia nilibisha. Alikubali bila kuzunguka kwamba maji matupu hubeba joto vizuri zaidi. Ndiyo maana hakunitilia nusu kwa nusu kama ilivyoandikwa kwenye dumu. Alitia thuluthi ya kulanti na thuluthi mbili za maji yaliyosafishwa, kwa sababu hapa hapagandi barafu na tunachotaka ni kinga ya kutu na ukoko. Dumu langu la maji ya kisima alilimwaga kwenye mpapai mbele yangu.

Bei, kwa wanaotaka: kutengeneza rejeta 16,500, klachi ya feni 4,500, ganda la mtumba 1,500, thamostati 1,800, kifuniko 800, kulanti na maji 1,900. Jumla 27,000. Ukaguzi ni 1,000 lakini ukifanya kazi naye anaifuta. Si rahisi. Gereji ya kando ya barabara ingenipa rejeta ya mtumba kwa chini ya nusu ya hapo, na najua ingenipeleka wapi.

Lawama zangu. Aliniambia siku mbili zikawa tano, na shughuli moja nilikodi gari la watu. Akiwa kwenye lile sanduku hapokei simu, hata ukipiga mara kumi. Kiti ni kimoja na ameweka kompyuta juu yake. Mtu wa miguu mibovu kama mie nilikaa kwenye tairi. Na maelezo yake mengine ni marefu, kuna mteja mmoja aliyeondoka katikati ya hesabu akisema atarudi na mwanawe.

Siku ya tano tulilijaribu. Masufuria manne yamejaa maji, watu wanne, kutoka Kombani kupanda mlima wa Kwale, naye pembeni ameshika kipimajoto chenye waya. Lilianza 88, likafika 93 juu kabisa, likateremka. Jumamosi iliyofuata nilikaa Likoni dakika 40 injini ikiunguruma, mshale haukunyanyuka. Kijana wangu wa mizigo alikuwa amekwisha kukodi mkokoteni kwa tahadhari, nikamlipa mwenyewe nauli ya bure.

Aliniagiza nirudi baada ya miezi sita, asubuhi injini ikiwa baridi. Nimerudi juzi. Akapampu ile geji, akaiacha robo saa, akaandika namba kwenye daftari chini ya namba zangu za mwanzo. Shinikizo la rejeta halijashuka hata kidogo. Mpira wa chini wa kupitisha maji ndio umeanza kulegea, akaubonyeza nikaubonyeza, akasema utafika Idi lakini hautafika kaskazi ijayo. Nikabadilisha pale pale, shilingi 700 na kazi. Kiti bado ni kimoja.