Kutoka SM hadi podi: vepu nilizotumia hapa Tanga

Nianze na jibu, maana najua wengi mtasoma mistari miwili mkimbilie kuuliza bei. Kati ya vepu zote, yaani sigara za umeme, zilizopita mikononi mwangu, iliyonitoa kwenye sigara ni podi ndogo ya kujaza mwenyewe, haina kioo wala taa za kumetameta. Mtambo mkubwa wa moshi mzito ulikuja baadaye, ukaniburudisha, ukanila hela, ukaondoka. Na kwa sisi tunaoishi Tanga, swali la kwanza dukani si vepu ina wati ngapi. Ni koili zake, vile viwaya vya kuichemshia juisi, zinapatikana wapi.

Nilikuwa mtu wa sigara za Sweet Menthol, SM. Pakti niliyofungua asubuhi ilikuwa hainifikishi isha. Saa ngumu kuliko zote ilikuwa baada ya magharibi, barazani Ngamiani, kikombe cha kahawa chungu mkono huu na fegi mkono ule. Mvutaji mwenzangu anaelewa: kahawa inaita sigara, sigara inaita kahawa nyingine, na ubishi wa mpira wa Coastal Union unaita vyote viwili. Nilishatafuna karafuu, nikatafuna mswaki, nikanunua pipi za mnanaa kwa pakiti. Mchana nilikuwa naweza. Barazani nilikuwa sivuki.

Vepu ya kwanza ilikuwa ile ya kutupa, niliyoinunua Kariakoo kwenye duka la vifaa vya simu, imepangwa kati ya kava na chaja. Elfu thelathini na tano, flava ya tikitimaji la baridi. Ubavuni imeandikwa 5%, maana yake miligramu 50 za nikotini kwa kila mililita ya juisi. Nchi za Umoja wa Ulaya zimeweka kikomo cha 20, kwa hiyo piga hesabu mwenyewe. Mivuto mitatu ya haraka na kichwa kikaanza kuzunguka, mimi niliyezoea SM miaka yote hiyo. Lakini kuna kitu ilinifundisha: mvuto wake unabana. Unavuta mdomoni kwanza, ndipo unashusha kifuani, vilevile unavyovuta sigara. Mkono na mdomo havikuona tofauti kubwa, na hilo ndilo pipi na karafuu hazikuweza kunipa. Ubaya ni kwamba ikiisha imeisha, na betri ya lithiamu iliyomo ndani inakwenda jalalani pamoja na plastiki yake. Nilipoikuta Tanga mjini bei ilikuwa imepanda kwa elfu kumi. Kwa mwendo huo SM ilikuwa nafuu, nami sikuanza ili nipate hasara.

Ndipo ikaja podi. Kidude chenye urefu wa kidole, juu kuna kijitangi cha mililita 2 unachokijaza kwa chupa, chini betri. Ndani ya podi kuna koili iliyozungukwa na pamba. Pamba inanyonya juisi, koili inapata moto, juisi inakuwa mvuke. Hakuna kinachoungua, kwa hiyo hakuna majivu, hakuna lami, na ile hewa ya sumu ya kaboni monoksidi inayotoka kwenye tumbaku inayowaka haipo. Juisi yenyewe ni glisirini, propilini glikoli, ladha na nikotini.

Kilichofanya kazi kwangu ni aina ya nikotini. Kuna ya kawaida, na kuna ya chumvi. Ya kawaida ikizidi nguvu inakwaruza koo mpaka unakohoa. Ya chumvi imetiwa asidi kidogo, koo linaipokea bila vita, na kiu ya sigara inakatika haraka. Kwa mtu anayetoka kwenye pakti nzima kwa siku, hii ndiyo tofauti ya kuhama na kurudi kesho yake. Nilianza na miligramu 35, flava ya mnanaa, kwa sababu ulimi wangu ulikuwa wa SM na sikutaka kuusumbua kwa keki na maziwa.

Barazani walicheka. Mzee mmoja mwenye mahali pake karibu na deli la kahawa aliniita.

"Mwanangu, hicho kizomari unachopuliza mbona hakilii?"

"Hakilii, babu. Kinatoa mvuke tu."

"Basi bora kingelia, tukajua tunacheza ngoma gani."

Tangu siku hiyo jina ni kizomari, na nikichelewa wanauliza kama kizomari kimekosa chaji. Lakini nilikaa pale, nikanywa kahawa yangu, SM ikapita mkono wa huyu kwenda kwa yule, nami sikuomba hata kipande. Sikuamini.

Sasa kero, na kero za podi ukanda huu wa pwani ni za kweli. Joto letu linaifanya juisi kuwa nyepesi. Ukiiacha juani kwenye dashibodi ya gari au kwenye sanduku la pikipiki, utaikuta imevujia chini ya podi, imeingia kwenye vile vidoti vya shaba vinavyopitisha umeme, na ukivuta inakoroma na kukurushia tone la juisi chungu ulimini. Dawa yake ni karatasi laini: chomoa podi, futa chini yake, futa shimo la betri, rudisha. Mimi nafanya hivyo kila ninapojaza. Na iweke wima mfukoni. Mfuko wa kanzu haufai hata kidogo, kidude kinalala chali na doa la juisi halifichiki kwenye nguo nyeupe.

Kero ya pili ni kuungua kwa pamba. Podi mpya ukishaijaza, iache itulie dakika kumi pamba ilowe mpaka ndani. Ukivuta kabla ya hapo unaunguza pamba kavu, na ladha ile haitoki tena hata ukibadilisha juisi mara ngapi. Utaijua tu: koo linafunga, macho yanatoa maji, na mnanaa wote unapotea. Podi zangu zilikuwa zinadumu wiki moja hadi mbili. Juisi tamu sana zinaua koili mapema kwa sababu sukari bandia yake inaganda juu ya waya na kuwa ukoko mweusi. Za mnanaa, zisizo na utamu mwingi, zinadumu.

Mtambo mkubwa uliletwa na binamu yangu anayefanya kazi Dubai. Jamaa alidhani nimeshakuwa bingwa. Kisanduku kizito chenye kioo, betri mbili za duara ndani, tangi la chuma na kioo juu, na wati unazopandisha kwa kitufe. Huu mvuto wake haubani. Unavuta moja kwa moja mpaka mapafuni, na juisi yake ni nzito, glisirini nyingi, nikotini miligramu 3 tu. Wingu linalotoka linaficha mlango. Vijana wa mtaani walipenda, mke wangu hakupenda, na barazani wazee waliniomba kwa adabu nihamie upande wa upepo.

Kuna sifa lazima niitaje: betri zake zinatoka. Umeme ukikatika unatia jozi nyingine unaendelea, wakati mwenye podi anatafuta pawabanki. Ila juisi ilikuwa inakwenda mno. Chupa ambayo kwenye podi ilikaa na mimi muda mrefu, mtambo ulikuwa unaimaliza kama nimeimwaga. Na nikotini ile ndogo haikunikata kiu. Nikajikuta nimeushika mkononi mchana kutwa.

Nikae kidogo kwenye betri, maana hapa watu wanaweza kuumia. Zinaitwa 18650, kipenyo milimita 18, urefu milimita 65. Tangi langu lilikuwa na koili ya omu 0.2, omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme. Kwenye mtambo rahisi usio na chipu ya kudhibiti, betri iliyojaa volti 4.2 ikigawanywa kwa 0.2 inadaiwa ampea 21, na betri ya kuokoteza haiwezi kuzitoa bila kuchemka. Madukani kuna 18650 za tochi zilizoandikwa mAh 9,900, yaani kipimo cha chaji inayobebwa na betri. Huo ni uongo mtupu. Betri nzuri za saizi hiyo zinacheza kwenye 2,500 hadi 3,500. Nilimkuta fundi mmoja akiuza zilizotolewa kwenye laptopu mbovu, karatasi ya plastiki ya juu imechanika. Ikichanika hivyo usiiguse. Na usitie betri iliyo wazi, bila kiboksi, mfukoni pamoja na sarafu au funguo. Chuma kikiunganisha ncha zake mbili, moto utauona pajani. Nunua kiboksi cha plastiki cha kuzihifadhia, ni bei ya chai.

Mtambo nilimwachia kijana anayeuweza.

Ninayotumia sasa ni Uwell Caliburn G. Ni podi, ila koili yake unaichomoa na kuitupa peke yake, podi inabaki. Betri ni mAh 690, inachajiwa kwa waya huu wa simu za sasa, na koili zake ziko za omu 0.8 na 1.0. Mimi ni mtu wa 1.0, inabana zaidi na inakula juisi kidogo. Unaweza kuvuta tu ikawaka yenyewe au ukabonyeza kitufe. Koili zinakuja nne kwenye pakiti, naagiza Dar, zinapanda basi na mimi naenda kuzipokea stendi ya Kange. Nikiagiza pakiti mbili kwa pamoja nauli ya kifurushi haiumi. Bei ya kifaa unailipa mara moja, koili utazilipa kila mwezi, na ndiyo maana nimesema pale mwanzo uulize koili kwanza.

Kiafya sitaki kumdanganya mtu. Shirika la Afya Duniani linasema wazi vitu hivi vina madhara. Huduma ya afya ya Uingereza inasema madhara yake ni madogo sana ukilinganisha na sigara, lakini yapo, na kwamba asiyevuta asianze. Mimi nakubaliana nao wote wawili. Kikohozi changu cha alfajiri kimeondoka na ngazi za ghorofani sizihesabu tena, lakini nikotini bado ninayo, na nikiisahau vepu nyumbani nakuwa mkali kwa watu bila sababu. Kama wewe huvuti sigara, makala hii haikuhusu. Juisi za kupimiwa kwenye chupa zisizo na lebo sizigusi: mwaka 2019 Marekani watu walilazwa na wengine kufa kwa mapafu kuharibika, na lawama kubwa iliangukia mafuta ya vitamini E yaliyochanganywa kwenye katriji za bangi za mtaani. Na chupa zangu ziko juu ya kabati. Juisi nyingine lebo yake ina picha ya embe lililoiva, mtoto akiiona atadhani ni sharubati, na nikotini ikinywewa ni sumu.

Jambo jingine dogo: ukisafiri kwenda Uganda iache nyumbani. Sheria yao ya tumbaku ya 2015 imezipiga marufuku.

Ramadhani ndiyo iliyonionyesha niko wapi. Mvuke nao unafunguza, hakuna ujanja. Zamani za SM, tende ilikuwa haijashuka nishakimbilia nje. Ramadhani iliyopita nilikula futari yangu yote, nikaswali, nikanywa uji wa pilipili manga kwa utulivu, kisha ndipo nikakumbuka kizomari. Nilikuwa nimeshashuka hadi 20.

Sasa nataka kwenda 10, na hapo ndipo Tanga inapogoma. Wauzaji wanaleta 30 na 50, ukibahatika 20, kwa sababu ndizo zinazotoka. Kwa hiyo nachanganya mwenyewe. Nachukua chupa ya 20 na chupa ya sifuri, mnanaa kwa mnanaa, nusu kwa nusu kwenye chupa safi, natikisa, naiweka kabatini usiku mzima mbali na mwanga. Asubuhi ni 10. Koo linaihisi nyepesi siku mbili za mwanzo, unavuta mara nyingi zaidi, kisha linazoea. Ya sifuri nayo lazima niiagize, lakini inapanda basi lilelile na koili.