Shume (paka asiyefugwa) wa soko la Mwanjelwa, Mbeya: umfuge ndani au umhasi na kumrudisha?

Akiwa mtoto wa chini ya wiki 8, mimi namwingiza ndani bila kujiuliza. Baridi ya Mbeya ya Juni na Julai si mchezo: boksi, kipande cha kitenge, chupa ya maji ya moto iliyoviringishwa taulo. Maziwa ya ng'ombe hapana, yatamharisha. Akishaota meno, mpe dagaa waliochemshwa bila chumvi, ukimlisha kwa mkono wako. Siku ya kwanza atakufokea manyoya yamemsimama. Baada ya wiki mbili huenda akasinzia mapajani.

Shume mkubwa ni habari nyingine. Kumfungia chumbani ni kumtesa (na mapazia yako pia). Mtege kwa kizimba, daktari wa mifugo amhasi na kumchanja kichaa cha mbwa, kisha mrudishe palepale sokoni akawinde panya. Akikung'ata, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, halafu hospitali moja kwa moja.