Canva ya bure kwa kampeni ya wanafunzi Mji Mkongwe: inasaidia wapi, inaangusha wapi

Kikundi cha wanafunzi kikipewa kazi ya kubuni kampeni ya kuhuisha mtaa, kitu cha kwanza kufunguliwa ni Canva. Kazi nyingi huanza kuharibika hapo hapo, na lawama si ya programu. Canva ni chombo cha kutengenezea vitu vya kuonekana: bango, kipeperushi, slaidi, video fupi. Haikuulizi unasema na nani, wala unataka afanye nini. Mwenye majibu hayo atamaliza karibu kazi yote kwa toleo la bure. Asiye nayo atatoka na bango la kupendeza lisilosema kitu.

Tathmini hii inahusu toleo la bure tu, na inalipima kwa kazi moja: kampeni ya wiki 8, kikundi cha watu watano, kuhusu nyumba za Mji Mkongwe wa Zanzibar, ikiishia kwa uwasilishaji wa dakika 10 mbele ya walimu, sheha (kiongozi wa serikali wa eneo dogo Zanzibar) na wataalamu wa uhifadhi. Wanafunzi wa skuli za msingi na sekondari wanaweza kupata toleo la elimu bila malipo kupitia mwalimu wao, nalo lina karibu kila kitu cha toleo la kulipia. Wa chuo kikuu hawahesabiwi humo mpaka chuo chenyewe kiwe kimeingia makubaliano, kwa hiyo wengi wao watakutana na mipaka inayotajwa hapa.

Tuanze na kile ambacho Canva haifanyi, kwa sababu ndicho kinachobeba alama nyingi. Mji Mkongwe umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na kila kampeni hurudia wimbo ule ule: tuutunze mji wetu. Nani atapinga? Na nani ataondoka hapo akafanye nini? Shida ya nyumba hizi, kwa sehemu kubwa, ni maji. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, zinanyonya unyevu na kuutoa. Mfereji wa paa ukiziba au bomba likivuja, maji yanaingia ukutani, ncha za boriti za mikoko zilizozama ukutani zinaoza, na dari ya chini inakuja na sakafu ya juu. Fundi akija akapiga plasta ya saruji, kwa macho ukuta umepona, lakini unyevu umefungiwa ndani na uozo unaendelea kimya kimya.

Kutokana na hayo unapatikana ujumbe unaoshikika: zibua mfereji wa paa kabla ya masika, na bomba likivuja toa taarifa siku hiyo hiyo. Kisha mlengwa. Mwenye nyumba huenda yuko nje ya nchi, na nyumba nyingine ni za wakfu. Mpangaji wa ghorofa ya juu hana mamlaka ya kubadilisha paa, lakini ndiye aliye karibu na mfereji na ndiye wa kwanza kuona doa la maji. Kampeni imlenge yeye, kwa wito mmoja na namba moja ya kupiga. Mambo haya yaandikwe kwenye karatasi moja, yapite kwa mwalimu na kwa sheha, ndipo mtu aguse rangi. Mgao wa wiki unaofanya kazi ni huu: mbili za kuuliza mitaani, moja ya kukaza ujumbe, mbili za kutengeneza, mbili za kusambaza na kupima, moja ya maandalizi ya uwasilishaji. Vikundi vingi hugeuza, vikatengeneza wiki nne na kuuliza wiki moja.

Kwa bajeti na ratiba, baki na Excel au Google Sheets. Canva nayo ina majedwali siku hizi, lakini hesabu ya gharama inayobadilika kila duka la kuchapa linapotaja bei haihitaji mapambo. Kwa dodoso la mitaani, KoboCollect kwenye simu ya Android inakusanya majibu bila intaneti na kuyatuma baadaye, jambo ambalo ndani ya vichochoro vya mtaa wa Kiponda si dogo.

Kwenye bango ndiko Canva inapoonesha thamani yake. Fungua ukurasa wa A3, milimita 297 kwa 420, usichague kiolezo (muundo uliopangwa tayari) cha mtandaoni ukategemea kukikuza baadaye. Kitufe cha kubadilisha ukubwa wa kazi nzima ni cha wanaolipa. Njia ya bure ni kufungua ukurasa mpya wa ukubwa unaotaka, kuchagua vyote kwenye ule wa zamani, kunakili na kubandika, kisha kupanga upya. Kwa mabango matatu si adhabu. Kwa ishirini, ni kazi ya siku nzima.

Herufi ndizo huwaponza wengi. Bango linalosomwa kutoka mita tatu linataka kichwa cha habari chenye herufi kubwa za urefu wa sentimita mbili na nusu, yaani kama pointi 100. Kwenye skrini ya kompyuta inaonekana kubwa mno, mtu anaipunguza hadi 48, na bango likishatundikwa msomaji anatakiwa alisogelee kama anayetafuta namba ya mita ya umeme. Violezo vimepangwa kwa vichwa vya Kiingereza vya maneno mawili mafupi. Sentensi ya Kiswahili ikiingia humo, programu inaivunja mstari pabaya au inafunika picha. Usipunguze herufi. Punguza maneno, au ondoa nusu ya mapambo ya kiolezo.

Picha nazo. A3 ya kuchapwa vizuri inahitaji pikseli 3,508 kwa 4,961, na hata nusu yake inakubalika kwa bango la ukutani. Picha iliyotumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hupunguzwa hadi kama pikseli 1,600 upande mrefu, na ukiitandaza A3 nzima inatoka na ukungu. Canva haitakukataza. Watumiane picha kama faili la hati, au waziweke kwenye Google Drive. Nafasi ya kuhifadhi ya bure ndani ya Canva ni GB 5, inatosha picha, lakini video za simu zitaimaliza upesi.

Hazina ya picha za Canva yenyewe haifai kampeni hii, na nasema hivyo bila kusita. Tafuta Zanzibar, utaletewa zaidi fukwe, mashua na machweo. Doa la maji kwenye ukuta wa mtaa wa Malindi, hapo Mji Mkongwe, halimo, na ndilo bango lako. Tena kuna mtego: picha nyingi za akiba zinalionesha jumba la Beit el-Ajaib likiwa zima na mnara wake wa saa, wakati sehemu ya jengo iliporomoka tarehe 25 Disemba 2020 pamoja na mnara huo. Mwanafunzi anayelisifia jengo hilo kwa picha ya zamani, mbele ya wataalamu wa uhifadhi, amejimaliza kabla ya slaidi ya tatu. Picha zipigwe na kikundi chenyewe, na anayeonekana uso, hasa mtoto au mtu ndani ya nyumba yake, aombwe ruhusa kwanza na jibu liandikwe.

Alama ndogo ya taji juu ya picha au mchoro maana yake ni ya kulipia. Programu inakuruhusu kuitumia ukiwa unabuni, halafu wakati wa kupakua inakudai, au faili inatoka na mistari ya Canva juu yake. Kikundi kinachogundua hilo usiku wa kuamkia kuchapa kinaanza upya. Mmoja apewe kazi ya kukagua mataji kila jioni.

Kuchapa kuna mtihani wake. Chagua PDF ya kuchapa, washa alama za kukatia na ukingo wa ziada, na hakikisha rangi ya nyuma inavuka ukingo kwa milimita 3. Yote hayo ni bure. Kisicho bure ni kubadili rangi kwenda mfumo wa CMYK wanaotumia wachapaji. Faili ya bure inabaki RGB, mfumo wa rangi za skrini, na rangi ya bahari iliyokuwa ikiwaka kwenye skrini inatoka imefifia. Kijani kikali vile vile. Dawa ni kuchagua rangi tulivu tangu mwanzo, na kuchapa nakala moja ya majaribio kwenye duka lile lile litakalochapa zote, kwa karatasi ile ile. Ikipita, ndipo uagize zilizobaki.

Programu ndogo ya kutengeneza msimbo wa QR ndani ya Canva ni nzuri na haina gharama. Angalizo ni mawili. Msimbo umefungwa na kiungo ulichouwekea, na ukibadilisha fomu baada ya kuchapa, mabango yote yamekufa. Pili, ukubwa: gawa umbali wa msomaji kwa kumi. Anayesimama mita moja anahitaji msimbo wa sentimita 10. Na namba ya simu iandikwe kwa herufi chini yake, kwa sababu mpangaji unayemlenga huenda ana simu ya vitufe.

Pa kubandika si suala la Canva, ila likisahauliwa kampeni inajiaibisha. Gundi na misumari huharibu chokaa ya kuta zile zile mnazozitetea. Tumia mbao za matangazo, vioo vya maduka kwa ruhusa, na milango ya skuli, baada ya kuongea na sheha. Barazani gawa kipeperushi cha A5, usibandike kitu.

Kwenye video, Canva ni ya wastani. Kuunganisha vipande vitano, kuweka maandishi na kupakua MP4 ya 1080 kwa 1920 kwa ajili ya hali ya WhatsApp, inaweza. Kukata sauti kwa usahihi, kupunguza upepo wa Forodhani kwenye mahojiano au kupanga sauti na picha kwa nusu sekunde, hapana. Tumia CapCut au programu nyingine ya simu, kisha lete kipande kilichokamilika. Kwa tangazo la redio haina msaada wowote. Jua tu kwamba sekunde 30 za Kiswahili cha kusemwa kwa utulivu zinabeba maneno 55 hadi 65, na namba ya simu itajwe mara mbili ndani ya hayo.

Kufanya kazi pamoja kwa kiungo kimoja ni rahisi na kunavutia, mpaka mtu afute ukurasa. Historia ya matoleo ya nyuma haipo kwa wasiolipa, kwa hiyo kilichofutwa jana hakirudi. Kila baada ya kikao nakili kazi nzima na uipe tarehe kwenye jina. Toeni pia haki ya kutazama na kutoa maoni tu kwa wasiohusika na usanifu. Watu watano wenye haki ya kuhariri slaidi moja ni fujo.

Uwasilishaji ndio sehemu ninayoipa Canva alama za juu kabisa. Mwonekano wa msemaji unaonesha maelezo yako na saa kwenye skrini yako, hadhira ikiona slaidi tu. Kwa dakika 10, slaidi 10 zinatosha: tatizo kwa picha moja, ushahidi kutoka mtaani, mlengwa, ujumbe, vielelezo vitatu (bango, kipeperushi, video), usambazaji na ratiba, bajeti, vipimo vya mafanikio. Jopo huuliza zaidi kwenye mbili za mwisho, na huko ndiko wanafunzi huwa na mistari miwili tu. "Watu wengi watafikiwa" si kipimo. Simu ngapi zimepigwa, mifereji mingapi imezibuliwa kwenye mtaa uliochaguliwa, picha za kabla na baada: hivyo vinahesabika.

Usitegemee intaneti ya ukumbini. Pakua PDF na uiweke kwenye flashi na kwenye simu mbili. Ukipakua PowerPoint, fonti zisizokuwepo kwenye kompyuta ya ukumbi zitabadilishwa na maandishi yataruka. PDF haina tatizo hilo, lakini video haichezi ndani yake, kwa hiyo iwekwe faili lake pembeni. Projekta za zamani zina umbo la 4:3 na tundu la VGA, nazo huua rangi za upole: kijivu juu ya nyeupe hakionekani kabisa. Fika mapema na adapta yako, fungua slaidi yenye maandishi madogo kuliko zote, uende ukasimame ukuta wa nyuma uisome.

Je, walipie? Kwa kazi ya darasa, hapana. Kama mabango yatachapwa kwa wingi au mtaa umekubali kuyatumia baada ya muhula, mwezi mmoja wa kulipia unatosha, na uwe ule wa kuchapa, si wa kubuni, ili rangi za CMYK na kubadilisha ukubwa vipatikane kwa pamoja. Malipo hujirudia yenyewe kila mwezi. Mwenye kadi afute usajili siku ile ile anayolipa, kwani huduma huendelea mpaka mwezi uishe.