Kitabu au sauti, ndani ya Coaster ya Moshi–Arusha

Kilomita 80 hivi za Moshi–Arusha hula saa moja na nusu au zaidi, maana gari hupunguza mwendo kila penye makazi, kuanzia Boma Ng'ombe hadi Usa River. Ukitaka kujifunza njiani, kitabu kinafundisha vizuri, ila humo garini macho yanaona ukurasa umetulia huku sikio la ndani likihisi kila tuta. Ndiyo maana wengi hupata kichefuchefu. Bora kusikiliza. Pakua somo la dakika 30 ukiwa nyumbani, chomeka kisikilizio sikio moja tu umsikie konda, na kila dakika 10 simamisha ujisimulie ulichoshika. Usipofanya hivyo, utasinzia. Kitabu fungua stendi, gari likisubiri kujaa.