Vaisi naisifu, bobini hapana: seti ya kufungia nzi niliyoagiza Kampala

Nilifunga nzi wa bandia (ndoana inayovishwa manyoya ifanane na mdudu) wa kuvulia samaki aina ya trauti kwa miaka saba Nairobi, kwenye karakana tuliyokuwa tukilipwa kwa dazeni, kabla ya kurudi kwetu Mbale. Kwa hiyo nilipoagiza seti hii kwa muuzaji wa mtandaoni wa Kampala, kwa shilingi 260,000, nilijua ninachokitafuta. Ilifika kwa basi: vaisi (jiliwa dogo la kubania ndoana), bobini (kishikio cha uzi chenye kabomba unamopita uzi), mkasi, koleo ndogo ya kushikia unyoya, ndoana za namba 10 hadi 16 na pakiti nne za manyoya.

Vaisi ndiyo iliyobeba bei, na inaistahili. Nilibana ndoana namba 16 kwenye ncha ya taya (kwa mgeni wa kazi hii: namba ikipanda, ndoana inapungua), nikaikandamiza kwa ukucha wa kidole gumba. Ikapinda kidogo, ikarudi mahali pake, haikuteleza hata chembe. Vaisi za bei rahisi hushindwa hapo hapo: chuma chake ni laini, ndoana inachimba taya, na baada ya wiki chache kila ndogo inachomoka. Hii nina mwezi wa nne nayo na taya hazina alama. Ila kibano chake cha mezani ni kifupi. Meza yangu ya mvule ni nene, ikabidi nimwite seremala aupunguze ukingo.

Mkasi unakata vizuri.

Bobini imeniudhi kweli. Namfundisha binti wa kaka yangu, na siku ya kwanza uzi ulimkatikia kila mzunguko wa tatu au wa nne. Akaanza upya, ukakatika. Mwisho akaniambia, machozi yakimlengalenga, "Shangazi, mimi mkono wangu mzito." Nikaishika mwenyewe, uzi ukanikatikia na mimi. Nikachana kipande cha soksi ya nailoni, nikakipitisha mdomoni mwa kale kabomba: kikanasa. Kulikuwa na kijino cha chuma kisichoonekana kwa macho, kikali kama wembe. Nilikisugua kwa msasa laini wa mafundi wa rangi za magari, nimeuviringisha kwenye kijiti cha meno, mpaka soksi ikapita bila kugusa. Sasa inafanya kazi. Lakini fikirieni anayejifunza peke yake, hana wa kumwambia kwamba kosa si lake. Huyo angeiacha kazi akiamini hana kipaji.

Siku hizo za kuhangaika na bobini nilimfundisha binti nzi aitwaye Pheasant Tail, yaani mkia wa ndege pheasant, kwa namna ya Mwingereza Frank Sawyer, asiyetumia uzi kabisa. Unafunga kwa waya mwembamba wa shaba. Waya huo huo unashika manyoya, unampa nzi uzito, na unamzamisha. Trauti hula zaidi chini ya maji kuliko juu, ndiyo maana nzi huyu hajawahi kukosa wateja. Waya tulipewa na fundi redio, ameuvuna kwenye transfoma iliyoungua. Manyoya ya mkia wa huyo ndege yalikuwemo kwenye seti, marefu, yenye rangi nzito ya kahawia, na hayo nayasifu bila kusita. Dazeni yake ya kwanza nzuri ilikwenda Nyeri, kwa mzee anayevua mto Gura, ambako trauti wamo tangu walipopandikizwa mwaka 1905.

Manyoya ya jogoo yaliyokuja nayo, hapana. Ni laini kama ya tetea, yanakunywa maji, na nzi wa kuelea anazama kabla samaki hajamwona. Nimerudi kwa jogoo wa kienyeji wa sokoni hapa Mbale: naomba ngozi ya shingo, naiosha kwa sabuni, naianika kivulini. Kisha nachagua unyoya ambao vinywele vyake vinazidi upana wa mdomo wa ndoana kwa nusu, au vikizidi sana, mara mbili.

Nilimpigia muuzaji kuhusu bobini. Akasema niirudishe Kampala kwa nauli yangu, na hilo halikunipendeza, kwani kasoro ilitoka kwake. Ndipo nikamuuliza swali ambalo ningelianza nalo: je, vaisi anaiuza peke yake? Anaiuza, kwa 150,000. Mwulizeni mapema.