Ngozi za Mwanza: ya magome au ya kromu?

Kwa mkanda na soli ya makubazi, chukua ngozi iliyoivishwa kwa maji ya magome ya miti ya miwati: nzito, inashika umbo. Mkoba laini, kromu, yaani iliyoivishwa kwa chumvi za madini ya kromu. Hiyo huiva siku moja au mbili. Magome hudai wiki kadhaa, ila ngozi ya sangara, kwa wembamba wake, huwahi.

Muuzaji akisema "ngozi halisi tu, bosi," angalia ukingo uliokatwa. Kromu mara nyingi ina buluu ya kijivu katikati. Magome ni kahawia. Mstari mweupe mgumu? Acha. Fundi alianza na maji makali ya magome, juu pakafunga, ndani pakabaki pabichi.

Chemsha kipande dakika moja: kromu iliyoiva haijikunji. Ya magome hujikunja, si kosa lake. Bizimu ya chuma ikilowa huitia doa jeusi; dai ya shaba.